Mti wa Nane wa Kikaangoni

Hapo zamani, na msiende mbali, sisemi zamani ya mazimwi na wafalme, nasema zamani hii ya juzijuzi, wakati miti ilikwisha anza kupandwa kwa barua na muhuri, palikuwa na mtaa mmoja uitwao Kikaangoni. Jina hilo halikutolewa kwa matusi. Ukipita pale saa saba mchana, kandambili zilibaki zimenata barabarani, wewe ukaendelea na safari. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha nguzo ya umeme, na hicho kilikuwa na foleni.

Katikati ya mtaa palikuwa na kiwanja kitupu. Katikati ya kiwanja palikuwa na mwavuli. Chini ya mwavuli palikuwa na Mwantumu.

Mwantumu alikuwa msusi. Miaka tisa alikaa pale na kigoda chake, kitana chake, karai la maji na maneno mengi, na hakuna mwanamke wa Kikaangoni aliyewahi kupendeza harusini bila kupita kwanza kati ya magoti yake. Twende kilioni alisuka. Mabutu alisuka. Rasta ndogondogo zile za kumtoa mtu machozi alisuka, huku akikwambia, "Vumilia mwaya, uzuri hauji ukiwa umelala." Kwa kigoda kile alimtunza mama yake na binti zake wawili. Mumewe? Mumewe alitoka kwenda kununua vocha, huu mwaka wa saba.

Basi siku moja manispaa ikaamka. Ikaona Kikaangoni watu wanakaangika. Ikamwita afisa wake wa mipango miji, kijana mmoja aitwaye Gaudensi, mpole, mwenye miwani na shati la kuchomekea, ikamwambia, "Tuchoree kiwanja cha kupumzikia. Weka njia, weka viti vya saruji, weka miti saba."

Gaudensi akachora. Na alichora vizuri, tusimnyime haki yake. Njia akaipinda kidogo ili ipendeze. Viti akavitazamanisha. Na miti akaichora kama wachoraji wa ramani wanavyochora miti duniani kote: kiduara hapa, kiduara pale, kila kiduara mti mmoja. Viduara saba, pembezoni mwa kiwanja, vimejipanga kama watoto wa kwaya.

Lakini Gaudensi alikuwa na ugonjwa mmoja, kahawa. Alikunywa nyeusi, nzito, kwenye kikombe kisicho na kisahani. Alipomaliza kuchora akajipongeza, akakiweka kikombe juu ya ramani, akajinyoosha. Alipokiinua, katikati ya kiwanja palikuwa na duara la nane. Kubwa, la kahawia, la mviringo mzuri kuliko yote aliyoyachora kwa mkono.

Wala hakuliona! Aliliona kesho yake, ramani ikiwa imekwisha pita ofisi nne na kupigwa mihuri minne. Kuirudisha kungetaka barua nne, na katika kila barua angelazimika kuandika neno "kikombe". Gaudensi akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akasema peke yake kwa sauti ndogo, "Basi huo ni mti."

Ramani ikateremka mpaka kwa Fundi Shomari, mwashi mzee aliyepewa kazi ya kuchimba mashimo. Shomari akaikunjua. Akahesabu viduara saba. Akaliona duara la nane. Akaliinamia, akalinusa. Shomari naye ni mtu wa kahawa, tena ya alfajiri, na pua yake haikuwahi kumdanganya. Akajua mara moja kwamba lile halikuwa mti.

Akamwendea afisa, akajifanya hamnazo. "Bwana Gaudensi, mwanangu, hili duara kubwa la katikati nalo ni mti?"

Gaudensi akaisukuma miwani juu. "Ni mti, mzee. Tena ndio mti mkuu."

"Mti mkuu!" akasema Shomari. "Basi nitauchimbia shimo linalolingana na ukuu wake."

Akaenda akacheka mpaka mbavu zikamwuma, kisha akachimba. Mashimo saba alichimba ya kawaida, mkono mmoja kwenda chini. La nane alilichimba kwa kipimo cha doa. Alipita mchanga, akapita kifusi cha nyumba za zamani, akapita mawe, akafika kwenye udongo mwekundu ambao Kikaangoni haikujua kwamba inao. Alitaka jambo moja tu: siku ya sherehe ya kupanda miti mgeni rasmi aone shimo la kutosha ng'ombe, aulize hili la nini, na afisa akose jibu mbele ya watu.

Asubuhi ile Mwantumu alipofika na kigoda chake kichwani, alimkuta Shomari yumo mpaka kiunoni, pale pale alipokaa yeye miaka tisa.

"Fundi, unanichimbia kaburi na mimi mzima?"

"Nachimba ramani, mwanangu. Ramani imesema hapa."

"Na ramani imesema mimi nikakae wapi?"

Shomari akaichukua karatasi, akaitazama juu, akaitazama chini, akaigeuza. "Wewe humu sikuoni," akasema.

Maneno hayo yalimchoma Mwantumu kuliko shimo lenyewe. Miaka tisa, vichwa vyote hivyo, na hata kidoa cha kwake hakimo! Akahamisha kigoda hatua nne, mahali penye mteremko, ambapo mwavuli ulianguka kila upepo ulipokohoa na mteja alisukwa huku ameshikilia nguzo ya mwavuli.

Siku ya sherehe ikafika. Mgeni rasmi alialikwa saa tatu asubuhi, akaja saa tisa alasiri, yaani aliwahi. Miche saba ya miashoki ilimngoja juani ndani ya vifuko vyake. Mwashoki mnaujua, ule mti mwembamba uliosimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, mzuri kweli, na kivuli chake kinamtosha mjusi mmoja. Kila mche ulipandwa na mkubwa mmoja, kila mche ukapata kibao chenye jina la mkubwa wake, kila mche ukazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Watu wakapiga makofi mara saba.

Na shimo la nane? Mzaha wa Shomari ulikuwa umemrudia. Usiku wa kuamkia sherehe alikosa usingizi, akaona mgeni rasmi anatumbukia na yeye anapelekwa polisi. Alfajiri akang'oa mche wa mkungu, ule mti wa majani mapana na kivuli kikubwa, uliojiotea nyuma ya choo chake, akauchomeka shimoni na kufukia. Haukuwa na kibao. Haukuwa na mkubwa. Haukuwa kwenye ratiba. Mgeni rasmi aliupita akidhani ni kijiti cha kufungia mbuzi.

Ni Mwantumu peke yake aliyeutazama. Aliutazama kwa hasira. Kijiti hiki! Kijiti hiki ndicho kilichomo kwenye ramani, na yeye hayumo!

Jioni ile alipomaliza kazi, alilibeba karai lake lenye maji ya povu, maji yaliyooshewa vichwa vitano, akasimama mbele ya kile kijiti. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Kunywa," akasema. "Kunywa ufe." Akamwaga.

Kesho yake jioni akaja tena. "Kunywa ufe." Akamwaga. Keshokutwa, "Kunywa ufe." Akamwaga. Kwa hesabu zake, sabuni ingeuunguza ndani ya wiki mbili, na yeye angerudi mahali pake bila kugombana na mtu.

Kikaja kiangazi, na kilikuja kama kinadai haki yake. Boza la maji la manispaa likatumwa Kikaangoni na orodha ya miti saba. Dereva alikuwa mtu mwaminifu kwa orodha. Alisoma kibao, akamwagilia. Akasoma kibao, akamwagilia. Alipofika kwenye mkungu akatafuta kibao, hakukiona. "Huu haumo," akasema, akaondoka. Wiki ya tatu boza likaingia karakana kutengenezwa, na mpaka leo linatengenezwa. Miashoki saba ikakauka imesimama wima, chokaa safi, vibao safi. Ikafa ikiwa nadhifu.

Mkungu ukatoa jani.

Mwantumu aliliona, akahisi ametapeliwa. Akaongeza karai la pili. Mkungu ukatoa majani manne. Akachanganya na maji ya moto yale ya kuchovyea ncha za rasta, lakini hatua zilikuwa nne na salamu arobaini, maji yalifika vuguvugu. Mkungu ukatoa tawi.

Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Ni siku gani hasa yale maneno yalipokatika mdomoni mwake, mwenyewe hajui. Jioni moja tu alijikuta amesema "Kunywa", na lile la pili halikuja. Akasimama na karai tupu, akaona aibu kama aliyefumwa. Mwaka wa tatu kivuli cha mkungu kikafika kwenye mteremko, kikamgusa unyayo. Mwantumu akakisogeza kigoda hatua moja. Wiki nyingine, hatua moja. Hakumwambia mtu, lakini Kikaangoni yote ilikuwa inahesabu.

Mwaka huohuo walikuja watu wa mnara wa simu na barua yao. Walitaka katikati ya kiwanja, na shoka walikuwa nalo. Mwantumu akapiga ukelele uliofika manispaa kabla ya mwangwi wake. Gaudensi akaja mbio, shati limechomoka, ramani mkononi. "Hapana! Duara hili ndilo moyo wa mpango mzima! Vipimo vyote vinaanzia hapa!" Uongo mtupu, jamani, uongo wa kutetea uongo. Lakini aliusema mbele ya watu wa mnara, akaurudia kwa wakubwa katika ofisi zote nne, akautia saini. Mnara ukaenda mtaa wa pili. Mwezi uliofuata wakubwa wakauliza kwa nini miashoki saba imekufa, na kwa kuwa mti mkavu hauandikiwi barua, akaandikiwa aliyeichora. Gaudensi akapoteza kazi. Tangu hapo aliweka meza ya kukunja kwenye kona ya Kikaangoni, akiwachorea watu ramani za nyumba zao juani, jasho likidondokea vyumba vya wageni.

Shomari naye mgongo ulikataa kuinama. Akaacha uashi, akaanza kuotesha miche ya miti ya kivuli kwenye makopo. Juani ilikufa kila mara, naye alikuwa hana kazi nyingine aliyoiweza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yenu. Mwaka wa nne manispaa ikaamka tena. Barua ikaja kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Hidaya, mama mnene mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Akawaita watu wote alasiri chini ya mkungu, akaisoma: kiwanja kisafishwe, wafanyabiashara wote wahamie nyuma ya machinjio, abaki mtu mmoja tu, mlezi wa mti, yule aliyeufanya mti huu uwepo. Huyo apewe kibali cha kufanya kazi yake chini yake maisha yake yote.

Mwantumu akapiga hesabu. Nyuma ya machinjio hapakuwa na kivuli wala njia ya kupita watu. Nani atatoka kwake, akae saa tano kati ya nzi na pembe, eti anasukwa? Mama yake alikuwa ameacha kuona, binti zake wote wawili walikuwa shuleni. Kigoda kile kikienda machinjioni, nyumba yake yote ilikuwa inakwenda machinjioni.

Na najua mnachotaka kuuliza: kwa nini wasigawane? Barua ilisema mtu mmoja. Bi Hidaya aliisoma mara mbili, akaigeuza hata nyuma. Mtu mmoja.

"Anayedai aseme," akatangaza.

Gaudensi akasimama, akaisukuma miwani juu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mti huu niliupanga mimi. Mnara ulipokuja, niliutetea mimi, na kazi yangu ikapotea. Bila duara langu, pasingekuwa na shimo."

Fundi Shomari akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia mgongo. "Bwana Gaudensi, mwanangu, mbele ya watu wazima hawa, lile duara ulilichora kwa kalamu au kwa kikombe?"

Gaudensi akaivua miwani. Masikio yakamwiva. "Kwa kikombe," akasema. Kikaangoni ikaangua kicheko kilichowarusha kunguru wote mtini.

Shomari akasimama akiwa bado anajifuta machozi. "Mti huu niliuchimbia mimi. Wenzake walipewa shimo la mihogo, huu niliufikisha kwenye udongo mwekundu. Mche wenyewe ulitoka kwangu, sitasema upande gani wa nyumba. Bila shimo langu, pasingekuwa na mizizi."

"Mzee, ngoja kwanza," akasema Gaudensi. "Kama ulijua ni doa la kahawa, ulichimba kwa nini?"

Shomari akakuna kidevu. Kicheko kikamwishia. "Nilitaka uaibike," akasema. "Ulikuwa kijana mno, na kiatu chako kilikuwa kinang'aa mno. Na mche niliuchomeka kwa woga tu."

Watu wakatazamana. Mmoja kikombe, mmoja kejeli. Bi Hidaya akageukia kigodani. "Haya, Mwantumu."

Mwantumu akasimama na kitana mkononi. "Mimi sina maneno," akasema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Nimeumwagilia mti huu kila jioni, miaka minne. Siku ya mvua nimeumwagilia. Siku nina homa nimemtuma mwanangu. Bila maji yangu, hapa pangekuwa na kijiti."

Ilikuwa kweli, na mtaa wote ulishuhudia. Vigelegele vikapasuka. Bi Hidaya akachomoa kalamu kichwani, akakilaza kibali gotini. Shomari, mzee wa watu, akatabasamu akasema, "Mpeni binti. Mimi na huyu tulikuwa na yetu moyoni. Mwenye moyo safi ni yeye peke yake."

Kalamu ikaanza. M. W. A.

Mwantumu aliiona ikienda. Aliona kigoda chake kivulini mpaka uzeeni. Hakuna aliyemsikia jioni zile, alihakikisha kushoto, alihakikisha kulia. Angenyamaza tu, pumzi mbili, tatu, jina lingekwisha andikwa. Lakini pale mbele yake alikuwa amekaa mzee aliyejivua nguo mbele ya watu, na kijana mwenye masikio mekundu, naye peke yake ndiye aliyevaa vizuri, tena nguo isiyo yake.

"Mwenyekiti, subiri."

Kalamu ikasimama.

"Yalikuwa maji ya sabuni," akasema Mwantumu. "Nilikuwa nataka ufe. Mwaka wa kwanza na wa pili, kila jioni niliuambia, kunywa ufe. Hawa wawili, mmoja alikosea na mmoja alifanya mzaha. Mimi nilikuwa naua."

Mama mmoja mwenye kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, akauliza polepole, "Na sasa, shoga?"

"Sasa siku nikikosa mteja, hakuna maji ya kuosha vichwa. Nabeba ya kunywa ya nyumbani." "Lakini hilo halifuti lile."

Hapo ndipo Kikaangoni ilipogawanyika, na sijawahi kusikia mtaa ukigombana kwa heshima namna ile. Wa kwanza wakasema: apewe Gaudensi, huyo alianzisha na akapoteza kazi kwa ajili ya mti, na kosa la kikombe halina ubaya. Wengine wakasema: alikuwa anatetea uongo wake, si mti, apewe Shomari, mche wake, jasho lake, na mgongo wake. Wengine wakasema: shimo lilikuwa la kumwaibisha mtu, apewe Mwantumu, mti haujui kusudi, unajua maji. Wakajibiwa: unampaje ulezi mtu aliyesema kwa kinywa chake kwamba alikuwa anaua? Na waliojibiwa wakajibu: kinywa hichohicho kingenyamaza, angekuwa amekwisha pata.

Gaudensi alikuwa ameinama. Shomari hakucheka tena. Mwantumu alikaa kwenye kigoda chake, akamvuta yule mama karibu na magoti, akaendelea kusuka upande uliobaki, maana mteja hana kosa. Mistari ilitoka imenyooka.

Bi Hidaya akawatazama wote watatu. Akatazama karatasi, herufi tatu na nafasi iliyobaki. Kibali ni kimoja, karatasi hakuna nyingine, na herufi tatu zinafutika. Akainua uso, akakunyoosheeni kalamu nyinyi mlioketi hapa mkitikisa vichwa tangu mwanzo. Haya basi, acheni kutazamana: nani alistahili? Mwenyekiti afute, au amalizie?